Namba tasa sita mfululizo, na kwa nini zinaanzia 2063

Chukua namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jumlisha tarakimu zake. Jumla ikiwa nayo ni tasa, itie alama. La sivyo, ipite. 29 inapata alama kwa kuwa 2 + 9 = 11. 31 haipati, kwa kuwa 3 + 1 = 4. Zenye alama ni 2, 3, 5, 7, 11, 23, 29, 41, 43, 47, 61, 67, 83, 89, 101 na kuendelea. Katika hazina ya mifuatano ya namba ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964, na ambayo leo iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, orodha hii iko chini ya A046704.

Orodha yenyewe ni rahisi kuiandika. Kinachostahili jioni nzima ni misururu: tasa ngapi zinaweza kufuatana, bila kuruka hata moja, zote zikiwa na alama? 2, 3, 5, 7, 11 ni tano, kisha 13 inakatisha kwa sababu jumla yake ni 4. Msururu wa kwanza wa sita unaanzia 2063. Sababu ya kuwa pale, na si mapema zaidi, inaonekana kwa macho kwenye kaye (daftari) ya miraba. Kompyuta haihitajiki.

Zisome kwanza kama miaka. Mzee wa Lubumbashi aliyezaliwa 1950 alipitia miaka saba tasa kabla ya karne kuisha: 1951, 1973, 1979, 1987, 1993, 1997, 1999. Hakuna hata mmoja wenye alama. Jumla zake ni 16, 20, 26, 25, 22, 26 na 28. Mwaka 1997, Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni tasa kweli, lakini 26 ni 13 mara mbili. Alama ya mwisho ilikuwa 1949, na iliyofuata ikaja 2003. Zinazofuata ni 2027 na 2029, zenye jumla 11 na 13. Na mtoto anayeingia shule ya msingi leo huko Katuba au Kamalondo anaweza kuuishi msururu wenyewe: 2063, 2069, 2081, 2083, 2087, 2089.

Sasa kaye. Tasa yoyote inayozidi 5 inaishia na 1, 3, 7 au 9, kwa hiyo hatuhitaji safu kumi. Piga safu nne tu, uziite 1, 3, 7 na 9. Mistari iwe 210, kuanzia 0 hadi 209. Mstari wa 31 una 311, 313, 317, 319. Mstari wa 206 una 2061, 2063, 2067, 2069. Hivyo una visanduku 840 vinavyofika hadi 2099. Namba 2 na 5 ziandike pembeni, hazina mahali kwenye safu.

Kabla ya kufuta chochote, jumlisha tarakimu za namba ya mstari na uandike jibu upande wa kushoto. Mimi huliita kichwa cha mstari. Kichwa cha mstari wa 31 ni 4, cha mstari wa 206 ni 8. Faida yake ni kubwa: ndani ya mstari mmoja, jumla za tarakimu ni kichwa + 1, kichwa + 3, kichwa + 7, kichwa + 9, basi. Hutajumlisha tena namba moja moja.

Kichwa hichohicho kinafuta vigawe vya 3. Kikigawanyika kwa 3, safu za 3 na 9 zinakufa, zinabaki 1 na 7. Kikibakiza 2, zinakufa 1 na 7, zinabaki 3 na 9. Kikibakiza 1, safu zote nne zinabaki hai. Futa pia namba 1, uiache 3 yenyewe, na utabaki na visanduku 560. Hesabu kabla ya kuendelea. Ukipata 559 au 561, umeteleza mahali fulani, na ni heri kulijua sasa.

Halafu futa kwa 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43. Hapo unasimama, kwa sababu 47 mara 47 ni 2209, nje ya kaye. Kila mmoja uanzie kwenye mraba wake, yaani namba hiyo mara yenyewe, maana vigawe vidogo vimekwisha kufutwa na waliotangulia. Kwa 43 kazi ni ndogo sana: 1849 na 2021 peke yake. Kwa 41 ni 1681, 1763 na 1927. Wengi huchoka wakifika hapa na kuziacha hizi chache. Mwishoni visanduku vyeupe viwe 315. Ukiongeza 2 na 5 za pembeni unapata 317, idadi kamili ya tasa chini ya 2100.

Hesabu hiyo ya 315 isirukwe, kwa sababu kosa moja linatosha kubadilisha jibu zima. Ukisahau kuifuta 1309, ambayo ni 7 × 11 × 17, utaona 1291, 1297, 1301, 1303, 1307, 1309 na utatangaza sita ambazo si sita. Jumla ya 1309 ni 13, kwa hiyo haitakushtua hata kidogo. Ukisahau 2071, ambayo ni 19 × 109, au 2077, ambayo ni 31 × 67, utauvunja msururu wa kweli wa 2063 katikati. Hizo mbili nazijaribu mara mbili, kila mara, kwa mikono.

Kaye ikiwa safi, chukua biki nyekundu. Tazama vichwa tu.

Namba zetu zote zinaishia na tarakimu witiri. Kichwa kikiwa witiri, jumla inakuwa shufwa, na shufwa pekee iliyo tasa ni 2. Kwa hiyo mstari wote wenye kichwa witiri hauna alama, isipokuwa 11 na 101 ambazo jumla zao ni 2. (Tasa zinazojulikana zenye jumla 2 ni tatu tu: 2, 11, 101. 1001 ni 7 × 11 × 13, 10001 ni 73 × 137.) Kichwa kikiwa shufwa, jumla ni witiri, na tasa inayozidi 3 kamwe haina jumla inayogawanyika kwa 3. Jumla zinazobaki chini ya 25 ni 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23. Zote tasa! Ukiacha 1, witiri ndogo kabisa isiyo tasa na isiyogawanyika kwa 3 ni 25.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kwa namba ndogo, swali «je, jumla ya tarakimu ni tasa?» ni swali la witiri na shufwa, hakuna zaidi. Kanuni hiyo inashika tangu 103 bila kukosea hadi inapofika 997, tasa ya mwisho kabla ya elfu: 9 + 9 + 7 = 25. Namba nyingine chini ya 1000 zenye jumla 25 hazina madhara: 799 ni 17 × 47, 889 ni 7 × 127, 979 ni 11 × 89, na 898 na 988 ni shufwa. Baada ya hapo 25 inarudi kwenye 1699, 1789, 1879, 1987. Chini ya 10,000 mkorofi mwingine ni jumla ya 35 peke yake, na tasa moja tu ndiyo inayo: 8999. Ukizijua 25 na 8999, unaweza kutia alama hadi elfu kumi kwa kuangalia kichwa tu.

Nimezihesabu zilizo chini ya 1000. Tasa ni 168. Zenye jumla witiri ni 87, zenye jumla shufwa ni 81. Toa 997 kwenye witiri, ongeza 2, 11 na 101, unapata zenye alama 89, yaani zaidi kidogo ya nusu. Ukaribu huo wa nusu kwa nusu una historia ndefu. Mwanahisabati Aleksandr Gelfond aliuliza mwaka 1968 kama jumla za tarakimu za namba tasa zinagawika sawasawa namna hiyo, na jibu likasubiri hadi mwaka 2010, Christian Mauduit na Joël Rivat walipothibitisha kwamba ndiyo: unavyokwenda mbali, witiri na shufwa zinakaribia nusu kwa nusu. Mwaka 2012 Glyn Harman akahesabu zile ambazo jumla yenyewe ni tasa, kwa hiyo tunajua orodha yetu haina mwisho. Hayo ni mambo mazito ya uchambuzi, hayaingii kwenye kaye. Lakini swali lenyewe ni hili hili la kichwa cha mstari.

Turudi kwenye misururu. Ukishuka mstari mmoja, kichwa kinaongezeka 1, kwa hiyo kinageuka: shufwa, witiri, shufwa, witiri. Msururu ungekufa kila baada ya mstari mmoja, kama si milango miwili.

Mlango wa kwanza ni kuvuka mia. Kutoka mstari wa 129 kwenda 130, tarakimu 9 inaanguka kuwa 0 na kichwa kinatoka 12 kwenda 4, yaani kinapungua 8. Kilikuwa shufwa, kinabaki shufwa. Ndiyo maana 1291, 1297 zinaungana na 1301, 1303, 1307 kuwa tano. Vivyo hivyo 1091, 1093, 1097 na 1103, 1109. Na 593, 599 na 601, 607 ni nne. Kuvuka elfu hakusaidii, kwa sababu 9 mbili zinaanguka pamoja na kichwa kinapungua 17: mstari wa 199 una kichwa 19, wa 200 una kichwa 2.

Mlango wa pili ni mstari mtupu. Mstari wenye kichwa witiri unakatisha msururu ikiwa tu una tasa ndani yake. Ukiwa mtupu, msururu unauruka. Tazama mstari wa 32: 321 na 327 zinagawanyika kwa 3, 323 ni 17 × 19, 329 ni 7 × 47. Mtupu. Basi 311, 313, 317 zinashikana na 331, 337, tano nyingine. Pengo maarufu kati ya 1327 na 1361 lina mistari mitatu mitupu, 133, 134 na 135, na ndiyo maana 1321, 1327, 1361, 1367 zinafuatana zote na alama.

Na 2063? Mstari wa 206, kichwa 8, unatoa 2063 na 2069. Mstari wa 207 una kichwa 9, lakini ni mtupu: 2071 na 2077 tumeziona, 2073 na 2079 zinagawanyika kwa 3. Mstari wa 208, kichwa 10, umejaa: 2081, 2083, 2087, 2089, zote nne tasa. Kisha 2099 kwenye kichwa 11 inafunga mlango, jumla yake 20. Upande wa juu ulikuwa umefungwa na 2053, jumla yake 10.

Mchezo huo huo unafanya kazi kinyume. Msururu mrefu kabisa wa tasa zisizo na alama chini ya 2100 ni nane: 491, 499, 503, 509, 521, 523, 541, 547. Mistari ya 49 na 50 inavuka mia kwa vichwa witiri, 13 na 5. Halafu mistari ya 51 na 53, ambayo ingeleta alama, yote ni mitupu. 539 ni 7 × 7 × 11, 533 ni 13 × 41, na 511, wengi huidhania tasa, ni 7 × 73.

Ndani ya msururu huo kuna jirani wawili wa kuangaliwa: 523 na 541. Jumla zao zinalingana, 10 na 10, nao ni jirani wa kwanza tasa kufanya hivyo. Hawangeweza kuja mapema. Jumla zikilingana, tofauti ya namba inagawanyika kwa 9. Tasa zote mbili ni witiri, kwa hiyo tofauti ni shufwa. Basi ni kigawe cha 18. Na pengo la 18 kati ya tasa jirani linatokea mara ya kwanza hapo hapo, baada ya 523. Pengo peke yake halitoshi: 1381 na 1399 ni jirani wenye tofauti ya 18, lakini jumla ni 13 na 22, kwa kuwa kujumlisha 18 hakukubeba moja popote. Zikitumia tarakimu zilezile kwa mpangilio mwingine ni uzuri zaidi. Wa kwanza ni 1913 na 1931.

Mistari iliyojaa inastahili kutazamwa peke yake. Tasa nne za mstari mmoja zinahitaji kichwa kinachobakiza 1 kwa 3, na jumla zake ni J, J + 2, J + 6, J + 8. Ili zote ziwe na alama, jumla nazo lazima ziwe tasa nne za umbo hilohilo! 191 inatoa 11, 13, 17, 19. 821, 2081 na 3251 zinatoa hizohizo. 13001 inatoa 5, 7, 11, 13. Lakini 1481, 1483, 1487, 1489 zinatoa 14, 16, 20, 22, zote nne zinaanguka. 1871 inafika karibu, 17, 19, 23, halafu 25. Baada ya 11, J inayofuata inayofaa ni 101, na ili kichwa kifike 100 unahitaji tarakimu kumi na mbili mbele ya ile 1 ya mwisho. Kwa hiyo kwa namba zenye tarakimu kumi na mbili au pungufu, mstari uliojaa wenye alama zote una kichwa 4 au 10, hakuna kingine.

Ukiandika programu ya kutafuta haya, amua kwanza maana ya swali. «Msururu wa kwanza wenye angalau tasa k», k ikienda kutoka 1 hadi 6, unatoa mianzo 2, 2, 2, 2, 2, 2063. «Msururu wa kwanza wenye k kamili, si zaidi» unatoa 101, 23, 41, 191, 2, 2063. Ni mifuatano miwili tofauti, na watu hubishana bure kwa sababu kila mmoja ana wake kichwani. Pili, msururu uuhesabu umekwisha pale tu tasa isiyo na alama inapoonekana. Ukikomea 2085 programu itakuambia msururu wa 2063 una nne. Lazima ifike 2099. Tatu, jumlisha mara moja tu. Ukiendelea kujumlisha hadi tarakimu moja, 67 inakuwa 13 halafu 4, na hiyo ni orodha nyingine kabisa. Nne, tarakimu zisome kutoka kwenye namba kamili, si kwenye seli ya Excel yenye namba ndefu: ikizidi tarakimu 15 inageuza za mwisho kuwa sifuri bila kukuonya. Jaribio la programu yako ni hili: misururu ya tano au zaidi chini ya 2100 ianzie 2, 311, 1091, 1291 na 2063. Mitano, si zaidi wala pungufu.

Anayetaka saba asitafute ovyo. Kuvuka mia peke yake hakuwezi kutoa zaidi ya sita: kichwa kikipungua 8, salio lake kwa 3 linasogea hatua moja, kwa hiyo mistari miwili inayogusana haiwezi yote kuwa ya safu nne. Mmoja ukiwa na nne, mwingine una mbili tu. 1291 ilikuwa inaelekea huko, mbili kisha nne, hadi 1309 ilipoiangusha. Saba kwa hiyo lazima iruke angalau mstari mmoja mtupu wenye kichwa witiri. Pita kwenye kaye, au kwenye orodha ya programu, utie alama mistari hiyo mitupu kwanza, kisha utazame kinachokaa juu na chini ya kila mmoja. Anza na ile iliyo karibu na mia, ambapo milango yote miwili inaweza kufunguka pamoja.